Kigango Si Bidhaa ya Mnada

Wapo wanaojisifu kwamba wamenunua sanaa ya kale mnadani kwa bei ya kutupa. Mimi huwauliza: nani aliyeing'oa? Huku kwetu Kilifi na Malindi, Wagiriama humsimamishia mzee wa chama cha Gohu aliyefariki kigango, nguzo ya mti iliyochongwa ili koma yake ipate makao. Kigango hakihamishwi, hata wenyeji wakihama.

Hata hivyo, vijana waliobanwa na umaskini waling'oa vingi, wakawauzia wafanyabiashara wa vinyago, navyo vikavuka bahari hadi Marekani. Mwaka 1985 viwili viliibwa katika boma moja. Kimoja kilirejea nyumbani mwaka 2007 kutoka makumbusho ya Illinois. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirejesha Kenya vigango 30.

Kurejeshwa ni jambo jema, lakini kinga ni bora kuliko tiba. Walimu, wapelekeni wanafunzi kwa wazee wakaelezwe maana ya nguzo hizi. Nanyi wanafunzi, mkionyeshwa kitu cha kale kinachouzwa rahisi, msiulize bei kwanza. Ulizeni ni nani anayekililia.