Mbolea ya ruzuku: jina lipo daftarini, kwa wakala halionekani

Mkulima wa Wino au Mahanje anatoka na nauli yake hadi kwa wakala wa mbolea, anataja namba, na anaambiwa mfumo haumtambui. Anarudi kijijini, mtendaji anafungua daftari: jina lipo, sahihi ipo, hata ekari zimeandikwa. Nani anasema kweli? Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Tangu msimu wa 2022/23, Serikali iliporudisha ruzuku ya mbolea na mfuko wa kilo 50 wa DAP ukashuka hadi shilingi 70,000 baada ya kupita 130,000, haki ya kununua kwa bei ya ruzuku inatokana na usajili. Mkulima anaandikishwa kijijini, kisha taarifa zake zinaingizwa katika mfumo wa kidijitali unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA. Msimu ule wa kwanza malalamiko yalisikika mikoa mingi: namba hazikufika kwenye simu, majina hayakuonekana. Sababu zilikuwa nyingi, mtandao na msongamano zikiwemo. Lakini iko moja ambayo haizungumzwi sana, nayo inaweza kutokea popote orodha ya karatasi inapogeuzwa kuwa orodha ya kompyuta.

Daftari lina safu zinazoshuka toka juu hadi chini: jina la kwanza, jina la kati, ukoo, simu, namba ya NIDA, kijiji, ukubwa wa shamba. Mfumo nao una visanduku vyake. Anayepakia faili lazima auambie mfumo kila safu iende kisanduku gani. Kama kijiji kimoja kilianza na ukoo na kingine kikaanza na jina la kwanza, na mpakiaji akafuata mpangilio wa kijiji cha kwanza tu, basi kijiji kizima cha pili kinaingia kichwa chini miguu juu. Wakala anatafuta ukoo wa Ngonyani, kumbe Ngonyani amekaa kwenye jina la kwanza.

Hilo angalau linaonekana kwa macho. Baya zaidi ni la namba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Programu ya Excel, ambayo ofisi nyingi huitumia kuandaa orodha, huitunza hesabu kwa tarakimu 15 tu. Safu isipotengwa mapema kuwa ya maandishi, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri, na hakuna kengele inayolia. Sasa kumbuka wazee wetu wangapi hawakujua siku waliyozaliwa, wakaandikiwa tarehe mosi Januari au mosi Julai. Wawili wa mwaka mmoja na eneo moja wanaweza kubaki na namba inayofanana kabisa, na mfumo ukamkataa mmoja kwa kudhani ni mtu yuleyule anajiandikisha mara mbili. Kurudisha zile tano kwa kukisia haiwezekani. Ni lazima kurudi kwenye daftari au kitambulisho.

Namba ya simu nayo hupoteza sifuri ya mwanzo kwa njia hiyohiyo. Mfumo usiporudisha sifuri ile, ujumbe wenye namba ya mkulima haufiki.

Halafu kuna shamba. Sisi tunahesabu ekari. Fomu nyingi za kiofisi zinataka hekta, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Ekari 5 zikiwekwa kwenye kisanduku cha hekta, mtu anaonekana ana zaidi ya ekari 12, na mifuko isiyo na shamba inapata mlango wa kupitia. Hekta 2 zikisomwa kama ekari 2, mkulima anapunjwa mbolea ya ekari karibu tatu. Hapa sioni sababu ya kuwalaumu watendaji peke yao: fomu isiyoandika wazi kipimo inaomba kosa.

Na Madaba tuna letu. Madaba ni halmashauri, ni jimbo, tena ni mji. Neno hilo likiachwa bila kuelezwa ni la ngazi gani, mkulima anaweza kuhamishwa makazi bila kutoka nyumbani.

Dawa yake haina gharama kubwa. Faili lipakiwe kwanza kwa majina kumi ya majaribio, yalinganishwe na daftari mstari kwa mstari, ndipo yafuate maelfu. Tatizo ni muda: orodha zikichelewa hadi Oktoba kila mtu anakimbizana, na mvua za kupandia mahindi kwetu huanza Novemba au Desemba. DAP ni ya kupandia. Ikifika mahindi yameshaota, imechelewa.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukienda kuhakiki usiishie kuuliza "nimo?". Omba usomewe kilichoko kwenye mfumo, si kwenye daftari: majina matatu kwa mpangilio wake, simu kuanzia sifuri, tarakimu tano za mwisho za NIDA, kijiji, na shamba pamoja na kipimo chake. Nenda na kitambulisho mkononi, na uende kabla ya Oktoba.