Vumbi Moja, Majibu Matatu

Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la barabara za Ngara na Biharamulo huchanganyika hewani na moshi wa nyasi zinazochomwa. Mpimaji hulinasa vumbi hilo katika chujio, kisha hujiuliza: ni kiasi gani cha chuma, shaba au nikeli kiwezacho kuyeyuka? Maana kile kiyeyukacho ndicho kiingiacho kwa urahisi katika maji, mimea na mapafu.

Jibu hutegemea kimiminiko kilichotumika. Maji safi hutoa chuma kidogo. Asetati ya amonia yenye pH 4.7 hutoa zaidi. Asidi kali huyeyusha hata punje zenyewe za udongo. Muda wa kuloweka nao hubadili hesabu.

Kwa maoni yangu, kila njia ina kazi yake. Kosa ni kulinganisha tarakimu za njia mbalimbali kana kwamba ni za njia moja. Kabanga, wilayani Ngara, pana hazina kubwa ya nikeli. Hewa ya huko haina budi kupimwa kabla ya uchimbaji na baada yake kwa njia ile ile; la sivyo, hatutajua kilichobadilika ni hewa au ni kipimo. Ndugu mwalimu, mwanafunzi akuleteapo tarakimu, mwulize kwanza: umeipataje?