Tamko la walimu wastaafu wa Mara: Kiongozi wa magaidi ashtakiwe, asiuawe kwa orodha ya siri

Sisi, walimu wastaafu wa historia na uraia kutoka Musoma, Bunda na Butiama, tuliokutana Musoma mjini kama chama, tunatoa tamko hili kwa Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kwa wabunge wa mkoa wa Mara, kwa viongozi wa dini na kwa wananchi wote. Linahusu jambo ambalo kwa muda mrefu limeachiwa majeshi na wanadiplomasia peke yao: je, ni halali kumwinda kiongozi wa kundi la kigaidi na kumuua bila kumfikisha mahakamani? Na mauaji ya namna hiyo yanaleta amani?

Msimamo wetu tunautaja mapema ili usipindishwe. Kiongozi wa magaidi akamatwe, ashtakiwe hadharani, ahukumiwe. Akiuawa akiwa na silaha katika mapambano, au kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuwaokoa watu aliokuwa mbioni kuwaua, hatuna lawama. Tunachokipinga ni orodha ya siri: mtu anaandikwa jina ofisini, anafuatiliwa kwa miezi, kisha anauawa kwa kombora la ndege isiyo na rubani, au kwa risasi za watu wasiojulikana barabarani. Hakuna shtaka, hakuna hakimu, na baada ya hapo umma haupewi maelezo yoyote.

Asidhani mtu kwamba tunawaonea wauaji huruma. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani jijini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213. Barabara ya Laibon, Dar es Salaam, walikufa 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja miongoni mwa hao 11. Walikuwa walinzi, vibarua na watu waliokuwa katika shughuli zao za asubuhi. Na Desemba 2017, huko Semuliki mashariki mwa Kongo, wanajeshi wetu wa JWTZ waliokuwa wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa walivamiwa kambini na kuuawa zaidi ya kumi, katika shambulio ambalo wapiganaji wa ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, walihusishwa nalo. Mkoa wa Mara umetoa askari tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza. Msiba wa jeshi ukitokea, simu za kwanza huku huwa ni za wazazi wanaouliza kama mtoto wao yupo kwenye orodha ya waliokufa. Tunaandika tukiwa upande wa wazazi hao.

Tuanze na kile mahakama ilichotupatia baada ya mwaka 1998, kwa sababu hilo husahaulika upesi. Khalfan Khamis Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akapelekwa New York, na mwaka 2001 akahukumiwa kifungo cha maisha. Ni katika kesi ile ulimwengu ulipoelezwa kwa ushahidi jinsi bomu la Dar es Salaam lilivyoundwa: nyumba iliyopangishwa Ilala, baruti ya TNT iliyosagwa humo ndani, mitungi ya gesi, lori aina ya Nissan Atlas. Ikajulikana pia kwamba gari la maji la ubalozi lililokuwa getini ndilo lililozuia lori lile lisiingie ndani, na bila hilo waliokufa wangekuwa wengi zaidi. Majeruhi na wafiwa walisimama mbele ya mtuhumiwa na kusema walichopoteza. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kuwa serikali ya nchi hiyo ilikosea kumkabidhi mtu huyo bila kupata ahadi kwamba hatapewa adhabu ya kifo. Wapo waliokasirika. Sisi tunaona hapo ndipo dola ilipojitofautisha na magaidi: hata mshukiwa wa mauaji ya halaiki alipewa haki ambayo yeye hakumpa mlinzi wa getini.

Sasa waangalieni wenzake. Fahid Mohammed Ally Msalam na Sheikh Ahmed Salim Swedan, wote Wakenya, waliuawa kwa kombora Pakistan tarehe 1 Januari 2009. Saleh Ali Saleh Nabhan wa Mombasa aliuawa karibu na Barawe, Somalia, Septemba mwaka huohuo, na makomando waliokuwa katika helikopta. Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyewahi kuishi Siyu katika kisiwa cha Pate akijulikana kama mwalimu wa madrasa, alipigwa risasi kwenye kizuizi cha askari Mogadishu mwezi Juni 2011, baada ya gari lake kupotea njia. Kifo cha Fazul hatukihesabu kama mauaji ya orodha, maana askari wale hawakumjua hata ni nani. Lakini wote wanne walikwenda na siri zao. Nani aliwapa fedha pwani ya Kenya? Nani aliwatengenezea pasi za kusafiria? Vijana wetu walishawishiwa kwa maneno gani? Maswali hayo yangeulizwa kizimbani, na majibu yangewasaidia walimu na masheikh wanaohangaika na vijana hadi leo.

Njia ya siri huiharibu hata mahakama yenyewe. Ahmed Khalfan Ghailani, naye Mzanzibari, alikamatwa Pakistan mwaka 2004 na kufichwa katika magereza ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani kabla ya kupelekwa Guantanamo. Kesi yake iliposikilizwa New York mwaka 2010, jaji alimkataa shahidi muhimu wa mashtaka kwa sababu alipatikana kutokana na maneno ambayo Ghailani aliyatoa akiteswa. Ghailani alipatikana na hatia katika shtaka moja tu kati ya zaidi ya 280. Alifungwa maisha, lakini wafiwa wa Dar es Salaam na Nairobi hawakusikia katika kesi hiyo neno "hatia" kwa mauaji ya ndugu zao, na waliowanyima ni wale waliodhani mateso yataharakisha haki.

Tunajua tutajibiwa kwamba haya ni ya wanasheria, na kwamba jambo la msingi ni kumaliza ugaidi. Basi tuangalie matokeo. Aden Hashi Ayro wa Al-Shabaab aliuawa kwa makombora Dhusamareb tarehe 1 Mei 2008. Mwaka uliofuata kundi lake lilikuwa limeshika sehemu kubwa ya kusini mwa Somalia. Ahmed Abdi Godane, kiongozi mkuu, aliuawa tarehe 1 Septemba 2014, na kabla wiki haijaisha mrithi wake alikuwa ametangazwa. Tarehe 2 Aprili 2015 kundi hilohilo liliingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Oktoba 2017 lori la mabomu liliua mamia ya watu Mogadishu. Hatusemi Garissa ilitokea kwa sababu Godane aliuawa. Tunasema kifo cha Godane hakikuizuia.

Watafiti wenyewe hawakubaliani, na tungekuwa waongo tukificha hilo. Jenna Jordan, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, aliona kuwa makundi makubwa, ya zamani na yenye mizizi ya kidini huhimili kuondolewa kwa viongozi wao, na mara nyingine hudumu zaidi. Bryan Price, mwaka 2012, alionyesha kuwa makundi yaliyopoteza viongozi yana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa, hasa kiongozi akiondolewa kundi likiwa bado changa. Hata hivyo Price hakuhesabu waliouawa tu. Aliwaweka pamoja na waliokamatwa. Anayetumia kazi yake kutetea kombora hajaisoma yote.

Al-Shabaab si kundi changa wala halisimami kwa mtu mmoja. Linakusanya kodi, lina mahakama zake, linapata vijana kutoka familia zenye hasira na serikali. Ni kama gugu maji: kila anayeishi ukingoni mwa ziwa letu amewaona watu wakilifyeka na baadaye kulikuta limerudi, kwa kuwa mbegu na vipande vyake vimebaki majini.

Mfano unaotuumiza zaidi ni wa Joseph Kony, kiongozi wa kundi la waasi la LRA la Uganda. Tarehe 14 Desemba 2008 majeshi ya Uganda, yakisaidiwa na Marekani, yalishambulia kambi yake katika hifadhi ya Garamba, Kongo. Kony aliponyoka. Sikukuu ya Krismasi wapiganaji wake walivamia Faradje, Doruma na vijiji vya jirani, na hadi katikati ya Januari raia zaidi ya 800 walikuwa wameuawa, wengine wakikusanyika kwa sherehe. Waliopanga shambulio hawakupanga ulinzi wa vijiji hivyo. Kwa upande mwingine, kamanda wake Dominic Ongwen alijisalimisha Januari 2015 na kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2021. Mtu anayejua kuwa kuna mahakama inayomsubiri ana sababu ya kutoka msituni. Anayejua kuwa kuna risasi tu, hana.

Kukamata nako hakumalizi kila kitu. Jamil Mukulu, kiongozi wa ADF, alikamatwa hapahapa Tanzania mwaka 2015 na kukabidhiwa Uganda kupitia mahakama yetu. Kesi yake imejikokota, na ADF chini ya Musa Baluku imeendelea kuwachinja watu wa Beni na Ituri. Lakini Tanzania iliweza kumshika mtu aliyetafutwa kwa miaka mingi bila kombora, bila kuua mtoto wa jirani na bila kuzua kisasi kipya katika ardhi yetu. Huo ni utaratibu wa kujivunia, na serikali yetu haiutaji vya kutosha.

Kombora nalo hukosea. Aprili 2019 jeshi la Marekani lilikiri kuwa shambulio lake la mwaka uliotangulia karibu na El Buur, Somalia, liliua mama na mtoto wake. Agosti 2021, mjini Kabul, liliua raia 10, saba kati yao watoto, kwa kudhani dereva mmoja ni gaidi. Arusha ilitufundisha jambo hili kwa njia nyingine. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwashtaki watu 93 kwa makosa mazito kuliko yote ambayo Afrika Mashariki imeyaona, na 14 kati yao iliwaachia huru. Hao 14 wangekuwa kwenye orodha ya siri, leo wote wangekuwa makaburini, na sisi tungeshangilia.

Nani anaandika orodha hiyo? Sisi wa mkoa aliozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere tuna wajibu wa kuuliza swali hili kuliko wengine. Tarehe 3 Februari 1969, Oysterbay, Dar es Salaam, Dk. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya Msumbiji, alifungua kifurushi cha kitabu, kikalipuka. Wareno walimwita gaidi. Tarehe 20 Januari 1973 Amílcar Cabral, kiongozi wa ukombozi wa Guinea-Bissau, aliuawa Conakry. Naye aliitwa gaidi. Guinea-Bissau ilitangaza uhuru wake Septemba mwaka huohuo, na Msumbiji ikajitawala mwaka 1975 chini ya Samora Machel, aliyetoka katika kambi zilizokuwa kwenye ardhi yetu. Nelson Mandela alibaki kwenye orodha ya Marekani ya washukiwa wa ugaidi hadi mwaka 2008. Hatuwafananishi watu hawa na waliolipua Barabara ya Laibon. FRELIMO haikuua wanafunzi vitandani. Lakini aliyeshika kalamu Lisbon hakujali tofauti hiyo, na atakayeshika kalamu kesho tusimwamini kwa sababu tu leo yuko upande wetu.

Majirani zetu wameshaonja. Sheikh Aboud Rogo, aliyeshutumiwa kuwaandikisha vijana Al-Shabaab, alimiminiwa risasi Mombasa tarehe 27 Agosti 2012 akiwa garini na familia yake. Serikali ya Kenya ilikana kuhusika. Ghasia zilizofuata ziliharibu makanisa, na askari waliuawa kwa guruneti. Mhubiri mwenzake, Abubaker Shariff, aliyejulikana kama Makaburi, aliuawa Aprili 2014. Mashtaka yaliyowakabili walipouawa hayakufikia hukumu, hivyo hatia yao katika mashtaka hayo haikuthibitishwa wala kukanushwa, na kwa wafuasi wao wakawa mashahidi wa dini.

Kwetu kuna Kibiti. Mwaka 2017 viongozi wa vijiji na polisi waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Walikuwa watumishi wa umma, na wauaji walistahili mkono mzito wa sheria. Washukiwa kadhaa waliripotiwa kuuawa, lakini hatujaona kesi iliyoeleza waliotuma, waliolipa na sababu. Mwandishi wa Mwananchi, Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari hizo, alitoweka Novemba 2017. Familia yake haijapewa jibu.

Hapa Mara tunaijua gharama ya kisasi. Wizi wa ng'ombe umewahi kuzaa mauaji, na mauaji yakazaa msako wa ukoo. Baadhi yetu tumefundisha darasa moja lenye watoto wa pande mbili zilizouana. Kilichowawezesha kukaa dawati moja ni kuwa mtu fulani alishtakiwa kwa jina lake, na wengine wakaondolewa lawama.

Kwa hiyo tunaitaka Serikali itamke bungeni kwamba hakuna taifa la nje litakaloruhusiwa kumuua mshukiwa katika ardhi, anga au maji ya Tanzania, na ipeleke pendekezo hilo Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, ikiutumia utaratibu wa mwaka 2015 wa kukamata na kukabidhi kupitia mahakama. Jeshi letu likishiriki operesheni nje ya nchi na kiongozi wa kundi akauawa, taarifa kamili itolewe kwa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama: kwa nini hakukamatwa, nani mwingine aliumia, na familia za raia walioumia zinafidiwaje. Vifo vya Kibiti, vya viongozi wa vijiji, vya polisi na vya washukiwa, vifanyiwe uchunguzi wa wazi kama sheria ya uchunguzi wa vifo inavyoelekeza. Masheikh na wachungaji wa Musoma, Bunda na Butiama tunawaomba wasiyashangilie mauaji ya siri mimbarini na madhabahuni, hata aliyeuawa akiwa adui wa dhahiri. Sisi wenyewe tutapeleka nakala za tamko hili katika shule za sekondari za wilaya zetu, lisomwe na kubishaniwa darasani, na tutakuwa tayari kuitwa na mwalimu yeyote anayetaka kutupinga mbele ya wanafunzi wake.

Limetolewa Musoma, mkoani Mara, kwa niaba ya wanachama wote.