Trela isiyo na taa ibaki yadi

Lori lenye trela iliyosheheni hupanda Waiyaki Way kutoka Westlands, Nairobi, kuelekea Limuru, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa mwendo wa kutambaa. Gari dogo linalolifuata kwa kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Usiku, taa za nyuma za trela zikiwa zimekufa, dereva wa gari dogo hubaki na mwanga wa taa zake tu, na ukungu ukishuka mwanga huo haufiki mbali.

Kinachouma ni kwamba hitilafu yenyewe mara nyingi ni ndogo. Umeme wa trela hupita kwenye waya mmoja mnene unaochomekwa nyuma ya kichwa cha lori, kwa kawaida kwa plagi ya pini saba. Pini zikishika kutu, au waya wa ethi ukilegea kwenye chesi, mambo huvurugika: dereva akikanyaga breki, taa zinawaka kwa unyonge, akiwasha indiketa, taa nyingine nazo zinapepesa. Fundi mzoefu wa umeme wa magari pale Grogan, mtaa wa gereji na vipuri, hakimbilii balbu. Huanza na ethi: anakwangua rangi na kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, anafunga waya upya, kisha utingo anasimama nyuma kuangalia breki ikikanyagwa.

Wanaoziba fyuzi iliyokatika kwa kipande cha waya wanacheza na moto. Taa zitawaka, naam, ila shoti ikitokea hakuna cha kuukata umeme.

Magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani nchini Kenya. Hiyo haitoshi. Trela ina nambari yake ya usajili, inayoanza na Z, na hubadilishiwa vichwa: leo inavutwa na hiki, kesho na kile. Cheti cha mwezi Januari hakiwezi kujua plagi imekaaje leo jioni. Ukaguzi wa maana ni wa yadini, kila trela inapofungwa, na wa kuugharamia ni mwenye gari, si dereva anayeharakishwa afike Malaba mpakani.

Polisi nao wakiikuta trela gizani wasimtoze dereva faini kisha wakamwachilia aendelee vivyo hivyo. Waiegeshe palipo na nafasi, nje kabisa ya barabara, pembetatu za kuakisi zikiwa nyuma yake, mpaka fundi aletwe na bodaboda. Tajiri ambaye mzigo wake umelala Kinoo usiku kucha atanunua waya mpya kabla ya safari ijayo.