Kasoro za Programu na Daftari Lisilopotea

Wahenga hawakukosea waliponena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtumiaji anayeripoti kasoro katika programu huria ndiye mgeni huyo. Je, ripoti yake iandikwe wapi?

Bugzilla, iliyotolewa mwaka 1998 kwa ajili ya mradi wa Mozilla, ni daftari thabiti. Lakini huhitaji seva, hifadhidata na mtu wa kuvitunza. Watu wawili wanaojitolea usiku baada ya kazi watautoa wapi wasaa huo? Ndiyo maana wengi hupanga kwa wenyewe, mathalan GitHub, isiyotoza miradi huria kodi.

Hata hivyo, mpangaji hana kauli. Google Code ilipofungwa mwaka 2016, miradi iliyokuwa humo ilibidi ihamishe programu pamoja na kumbukumbu za kasoro zake. Kinyume chake, mfumo wa Fossil, uliobuniwa na D. Richard Hipp, huhifadhi kumbukumbu hizo pamoja na programu yenyewe.

Kwa maoni yangu, mradi mdogo uchague mfumo ambao mgeni ataumudu bila kufundishwa, na ambao kumbukumbu zake zaweza kunakiliwa na kuhamishwa. Nakala hizo zichukuliwe mapema, kabla ya notisi. Kupanga si aibu; hasara ni kuhama mikono mitupu.