Kopo Tupu na Maharage Matano



Katika juma la pili la Januari mzazi mmoja aliingia ofisini mwangu parokiani amekunja uso. Hakuja kutaka cheti. "Karani," akasema, "wewe ulisomea ualimu, hebu nieleze. Mwanangu yuko Darasa la Tatu. Nimemnunulia madaftari na kalamu, naye amerudi akidai kopo tupu na maharage matano. Hiyo ndiyo Sayansi, au mwalimu anakusanya mboga?"

Nilicheka kidogo, kisha nikamkaribisha kiti, maana swali lake ni kubwa kuliko alivyodhani. Nami nalijibu hapa, kwani huenda na ninyi mmedaiwa kopo.

Kila mwalimu hana budi kuandika azimio la kazi kabla mwaka haujaanza. Hiyo ni karatasi yenye miezi na majuma, na mbele ya kila juma huandikwa mada itakayofundishwa, vifaa vyake, na jinsi watoto watakavyopimwa. Mada zenyewe hutoka katika muhtasari wa serikali, mwalimu hazibuni. Lakini mada gani iangukie mwezi gani, hapo ndipo akili yake inapotakiwa. Wengi hufungua kitabu cha kiada, wakaiweka sura ya kwanza Januari na ya mwisho Novemba, basi, azimio limekwisha. Ni kazi nyepesi, na hasara yake huipata mtoto.

Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Mwaka wangu wa kwanza darasani, somo la kuota kwa mbegu lilinijia Agosti. Sisi wa Tabora twajua Agosti ilivyo: ardhi ngumu kama tofali, hata majani ya kumfungia mbuzi ni ya kutafuta. Nikachora mharage ubaoni, watoto wakaunakili vizuri mno. Kwenye jaribio nikauliza kipi hutoka kwanza katika mbegu, mzizi au jani. Zaidi ya nusu wakajibu jani. Watoto wa wakulima hao! Walikuwa wamefukia mbegu tangu wangali wadogo, lakini hawajapata kuifukua na kuitazama. Desemba mbegu zilipoota kila shamba, shule ilikuwa imefungwa.

Basi, kwetu mvua huanza Novemba na kukoma Aprili. (Wenzetu wa pwani na wa kaskazini wana vuli na masika yao, nao wapange kwa hizo.) Kwa hiyo Januari hadi Machi ndiyo miezi ya vitu vyenye uhai, na ndiyo maana mtoto ametumwa maharage. Huwekwa katika chupa iliyokatwa, kati ya ukuta wa chupa na kitambaa chenye unyevu, ili yaonekane. Siku ya tatu au ya nne mzizi hutokeza. Hapo chupa igeuzwe, juu iwe chini. Baada ya siku moja mbili mzizi utajipinda na kushuka tena chini. Mtoto aliyeona jambo hilo hasahau kipi hutoka kwanza.

Kopo nalo ni la mvua. Liwe na kuta zilizonyooka, liwekwe mahali pa wazi, na kila asubuhi mtoto achovye rula na kuandika milimita. Watu hudhani ni mchezo. Lakini milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Chukua paa la bati lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8: mvua moja ya milimita 25 huliteremshia lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Hata ukitoa zinazopotea, ni maji mengi. Darasa likipiga hesabu hiyo, watoto wenyewe watauliza kwa nini shule haina mfereji wa bati wala tangi. Wazazi, mjiandae kujibu.

Februari madimbwi yamejaa. Hiyo ni zamu ya mbu. Watoto huteka maji yenye viluwiluwi katika chupa na kufunga mdomo wake kwa kipande cha chandarua. Kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, hali cha mbu wengine wengi huning'inia kichwa chini. Baadaye hujikunja kama alama ya mkato, kisha mbu hutoka. Tangu yai hadi kuruka, wakati wa joto, ni kama siku kumi. Ndiyo kusema nyumba inayomwaga maji ya makopo na matairi kila juma huwaua kabla hawajaota mabawa. Daktari Ronald Ross alivigundua vijidudu vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, huko Bara Hindi, lakini mtoto wa Sikonge aweza kumwona mbu akizaliwa katika chupa yake mwenyewe. Mzazi ukiikuta chupa hiyo, usiitupe. Ila hakikisha kitambaa kimekaza.

Kuna somo moja lisilongoja mvua, lakini lina tarehe zake. Tarehe 8 Machi hivi, na tena 6 Oktoba hivi, jua hupita utosini kwetu Tabora, na fimbo iliyosimama wima hukosa kivuli. Usitazame saa sita kamili, utakosa. Saa zetu zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 Mashariki, ambao kwa upande wetu umepita baharini, nasi tuko mbali magharibi. Machi tazama karibu na saa saba kamili. Oktoba, kama saa sita na dakika 37. Kati ya Machi na Oktoba kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, miezi mingine kaskazini. Mwalimu asiyeziandika tarehe hizo katika azimio lake atazikumbuka zimekwisha pita.

Julai na Agosti anga ni jeupe: mwezi na nyota, moto na hewa, kapi la kisima na mnyororo wa baiskeli. Septemba, visima vinapokauka, ndipo pa kufundisha maji. Mchanga na mkaa huyang'arisha, lakini maji meupe si maji salama mpaka yachemke. Hilo mtoto alilete nyumbani kabla mvua ya kwanza haijasomba uchafu kuupeleka kisimani.

Tena namshauri mwalimu aache juma moja tupu kila muhula kwa maswali ya watoto. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba alitia maziwa ya moto katika friji ya kugandisha, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa amekosea. Hakunyamaza, mwaka 1969 yeye na Profesa Denis Osborne walichapisha habari hiyo, na wataalamu wanabishana juu yake mpaka leo.

Najua walimu watasema, "Na mtihani je?" Mtihani huuliza mada, hauulizi zilifundishwa mwezi gani. Mkaguzi akishangaa mpangilio, safu ya maoni ipo katika azimio. Andika humo sababu.

Yule mzazi alisikiliza yote, kisha akauliza, "Maharage ya rangi gani?"

"Yoyote," nikamjibu, "mradi hayajatobolewa na wadudu."

Kopo akalipata hapo hapo ofisini. Kalamu zangu sasa ziko katika kikombe.