Leseni haimhalalishi pweza mdogo

Ndugu mzamiaji, leseni ni ruhusa ya kuvua, si ruhusa ya kuzoa. Kwa Tanzania Bara, Kanuni za Uvuvi za 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, uwe na leseni au huna.

Na wewe mnunuzi, acha kujificha nyuma ya mzamiaji. Unampimia pweza wa gramu 300 kwa bei ya kutupa; akikamatwa, unasema humjui. Aliyemtuma ni mzani wako!

Pweza jike hutaga mara moja tu maishani, kisha hufa. Ukimnunua mdogo, umenunua na mayai ambayo hayajatagwa. Mkatae leo. Asipokuwa na soko, mzamiaji atamwacha mwambani akue, na kesho nyote mtapima kilo.